Ukikalia Jiwe, Utalihisi?

Mtu akija bandani kwangu kutaka baiskeli ya mikono, swali la kwanza ninalomuuliza humfanya anitazame kama nimerukwa na akili. Ukikalia jiwe, utalihisi? Wengine hucheka. Mama mmoja aliyemleta mwanawe aliniuliza kama nimeanza kunywa asubuhi asubuhi. Hata hivyo siandiki kipimo chochote daftarini, wala urefu wa paja wala upana wa nyonga, kabla sijajibiwa. Nitaeleza nilikolitoa swali hilo, ila itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye mota.

Nimezaliwa Busia, upande wa Kenya. Mji wetu umekatwa katikati na mpaka: Busia huku, Busia ya Uganda kule, shemeji upande huu na mkwe upande ule. Hapa ndipo neno boda boda lilipozaliwa, miaka mingi kabla pikipiki hazijalirithi. Lilikuwa jina la vijana wa baiskeli waliovusha abiria na mizigo yao kutoka boda hadi boda. Marehemu baba alikuwa fundi wa baiskeli hizo, zile nyeusi nzito tuziitazo Black Mamba, na mimi nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kugawanya kwa njia ndefu.

Kulikuwa na baiskeli nyingine pia mjini, za magurudumu matatu, za watu wasiotembea. Mwendeshaji anakaa katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Mbele yake kuna pedali za mikono juu ya nguzo ya usukani, na mnyororo unashuka hadi gurudumu la mbele. Anazungusha kwa mikono na kukata kona kwa mikono ile ile. Wenyewe ni wafanyabiashara. Wanavusha sukari, unga, mafuta ya kupikia, maharagwe, omena, chochote ambacho bei yake haifanani pande mbili za mpaka. Wazee husimulia kwamba zamani maafisa wa huku na wa kule walizoea kuwaacha wapite bila kuwapekua, kwa huruma au kwa uvivu, na biashara ikanoga hapo. Siku hizi upo utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, mradi bidhaa iwe imetoka ndani ya Jumuiya, kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Utaratibu ulibadilika, baiskeli zikabaki.

Nilipishana nazo kila siku ya utoto wangu. Ungeniuliza wakati huo nimeona nini, ningekuambia nimeona watu wasio na miguu ya kutembea. Magunia sikuyaona. Yalikuwa pale, nyuma ya kiti, yamefungwa kwa mipira ya tyubu, yamerundikwa kumzidi mwenye baiskeli kimo.

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha kiufundi, na chuo kilitaka mradi wa kupeleka maonyeshoni. Sote tulikuwa tumesoma habari za Roy Allela, Mkenya mwenzetu aliyetengeneza glavu za Sign-IO zinazosoma vidole vya mtu anayezungumza kwa lugha ya alama na kuyageuza maneno kuwa sauti kwenye simu. Kilichotuvutia sisi ni vihisi, waya na picha magazetini. Jambo ambalo halikutugusa ni kwamba yeye alianza na mpwa wake, mtoto mdogo asiyesikia ambaye jamaa zake hawakuweza kuzungumza naye. Alianza na mtu anayemjua kwa jina. Mimi nilianza na video.

Kwenye video hiyo mtu alifunga mota ya umeme ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele la baiskeli ya kawaida. Nikasema, na zile za magurudumu matatu je? Nilichangisha pesa kwa ndugu na majirani, nikaagiza mota ya wati 250, nikanunua betri tatu za asidi za volti 12, nikachomelea fremu ya paipu nyembamba ili iwe nyepesi, nikaipaka rangi ya buluu. Kusema kweli ilipendeza. Maonyeshoni nilimkalisha juu yake mwanafunzi mwenzangu mwenye miguu yake miwili mizima, akazunguka uwanja bila kutoa jasho, watu wakapiga makofi. Nilipewa cheti. Mwalimu wangu alisema nimewarudishia watu utu wao. Nilikuwa na miaka ishirini, nikamwamini.

Wiki chache baada ya Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni kuzindua kituo cha pamoja cha forodha hapa mpakani, Februari 2018, nilimpelekea baiskeli yangu mzee mmoja tunayemwita Mwenyekiti. Jina hilo alilipata kwa kuongoza chama cha wenzake wa baiskeli, ingawa yeye husema hata bila uchaguzi angekuwa mwenyekiti tu, maana kiti ni chake na hajawahi kukiachia. Polio ilimpata akiwa mdogo. Mikono yake ni minene kama mapaja ya mtu mwingine.

Aliizunguka baiskeli yangu, yeye juu ya yake, taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha akauliza:

“Inabeba magunia mangapi?”

“Itakubeba wewe, mzee.”

“Mimi nimeshabebwa, miaka mingi sasa. Nauliza magunia.”

Sikuwa na jibu. Akamwita kijana wake, mvulana wa miaka kama kumi na saba aliyekuwa akimsukuma kutoka nyuma, akamwambia apakie matatu ya sukari, ya kilo hamsini hamsini. Fremu ilitoa mlio nilioufahamu vizuri. Nimekua kati ya vyuma. Mwenyekiti akahamia kwenye kiti changu, akawasha mota, akaelekea kwenye kimwinuko cha changarawe kando ya stendi. Gurudumu la mbele likazunguka pale pale. Likachimba, likarusha kokoto, likazunguka tena. Baiskeli haikusogea hata hatua.

Sababu yake ni rahisi, na iliniuma kwa kuwa nilikuwa nimefanyiwa mtihani juu yake na nikapasi. Ukiweka kilo mia na hamsini juu ya ekseli ya nyuma, halafu ukaielekeza baiskeli mlimani, uzito wote unaegemea nyuma. Gurudumu la mbele linabaki jepesi, halina cha kuikamata ardhi. Mota yangu ilikuwa kwenye gurudumu jepesi kuliko yote. Uwanja wa maonyesho ulikuwa tambarare na mwenzangu hakuwa na sukari.

Mwenyekiti akanyanyua mfuniko wa sanduku la betri. Akauliza zina uzito gani. Nikamwambia kama kilo kumi na mbili zote pamoja.

“Basi kila safari naacha kilo kumi na mbili za sukari Uganda,” akasema. “Kwa siku nne tano za kazi hilo ni gunia zima.”

Nilijitetea kwamba mota ingemwondolea gharama ya msukumaji. Hapo alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Alininyooshea kidole duka la jumla tulilokuwa tumesimama mbele yake, lenye ngazi nne za saruji. “Nani atapanda pale kununua? Mota? Nani atabaki na mzigo nikienda haja? Huyu unayetaka kumfuta kazi ndiye miguu yangu dukani. Na nyumbani kwao wanakula kwa hii kazi.”

Akanirudishia baiskeli. Hakunikaripia wala kunicheka, akaninunulia chai na mandazi mawili. Afadhali angenicheka.

Niliificha ile baiskeli nyuma ya nyumba chini ya turubai. Chuo kilipotaka picha ya mnufaika akiiendesha, niliwaambia inafanyiwa marekebisho. Waliendelea kuulizia kwa miezi mitatu, nikajifunza kwamba picha ya mnufaika ina haraka kuliko mnufaika.

Nilimaliza chuo, nikarudi bandani kwa baba. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Malori yalipita, tena kwa foleni ya maili nyingi yakisubiri madereva wapimwe, lakini watu wa kuvuka kwa miguu au kwa mikono walizuiwa. Mwenyekiti na wenzake wakapoteza kazi wote siku ile ile. Wakawa wanakuja kukaa bandani kwangu, kwa kuwa kuna kivuli na redio. Miezi ile ndiyo ilikuwa chuo changu cha pili. Kazi hakuna, pesa hakuna, maneno tele.

Waliongea kuhusu mabega. Kuhusu mvua, kuhusu kufua nguo zenye grisi ya mnyororo. Lakini jambo lililorudi kila siku ni kimwinuko. Nilidhani tatizo la kimwinuko ni kupanda. Kumbe ni kusimama. Ukipanda na mzigo, mikono inachoka, unataka kupumzika sekunde tano tu. Ukiachia pedali, baiskeli inarudi nyuma na kilo mia tatu, mwili na sukari na chuma. Breki iko gurudumu la mbele, na tumeshaona hilo gurudumu halina uzito, kwa hiyo linaburuzika. Mkono mmoja unashika breki, mwingine unashika pedali, na msukumaji nyuma anaweka kifua chake kwenye magunia akiomba Mungu. Mmoja wao alivunjika mkono hivyo. Wengine walikuwa wakitembea na jiwe. Kijana anakimbia kulitia chini ya tairi, na akichelewa, kidole chake ndicho kinachotangulia.

“Nataka jiwe ambalo halihitaji mtu wa kuliweka,” Mwenyekiti akasema.

Siku hiyo mikononi nilikuwa nimeshika friwili. Kwa asiyejua, friwili ni lile gurudumu dogo la meno linalofungwa kwenye habu ya nyuma ya baiskeli, ndilo linalokuwezesha kuacha kupiga pedali huku baiskeli ikiendelea kuteleza. Ndani yake mna vijino viwili vyenye springi. Habu ikienda mbele, vijino vinalala na kutoa ule mlio wa tik tik tik. Ikitaka kwenda kinyume, vinasimama na kukamata. Nikaizungusha huku, tik tik tik. Nikaizungusha kule, ikagoma.

Nilichofanya ni kuchukua habu ya nyuma ya Black Mamba, nikaifunga friwili kama kawaida, ila badala ya kuitia mnyororo nikaishika meno yake kwa mkono wa chuma uliochomelewa kwenye fremu. Basi. Gurudumu likienda mbele linapita kwa mlio wake. Likitaka kurudi nyuma, friwili inalikamata, na fremu imeikamata friwili. Nikaongeza pini yenye kamba hadi karibu na kiti. Ukiivuta, mkono wa chuma unaachia na baiskeli inaweza kurudi kinyumenyume. Bei ya friwili mpya haifiki bei ya kuku. Ikifa, kila kibanda cha baiskeli kuanzia hapa hadi Jinja kinayo.

Nisijisifu kupita kiasi, maana haikufanya kazi mara ya kwanza. Wala ya pili. Mara ya kwanza nilifunga upande mmoja tu. Baiskeli ilipotaka kurudi, gurudumu la kushoto likakamatwa na la kulia likaendelea, ikageuka kama mlango kwenye bawaba na kumwaga viazi vya watu. Mara ya pili nilifunga pande zote mbili, na kwa kupenda kwangu mpangilio nikageuza gurudumu la kulia ili friwili zote mbili zikae upande wa ndani, zitazamane. Msomaji fundi keshaanza kucheka. Friwili iliyogeuzwa inakamata kinyume. Gurudumu la kushoto likakataa kurudi nyuma, la kulia likakataa kwenda mbele, na Mwenyekiti akakaa katikati ya barabara kama sanamu ya ukombozi, mbele hapaendeki, nyuma hapaendeki. Walinitania kwa hilo hadi mpaka ulipofunguliwa.

Mara ya tatu niliziacha zote zitazame kulia, ya kushoto ndani, ya kulia nje, ingawa ya nje ilikuwa ikikwaruza nguzo za watu. Ikashika. Mwenyekiti alipanda kimwinuko cha stendi na magunia matatu, akafika katikati, akaachia pedali, akakunja mikono kifuani. Baiskeli ikatulia. Akatoa simu akampigia mkewe kumwambia yuko wapi.

Mpaka ulipofunguliwa kazi ilikuja yenyewe. Nilifunga friwili kwenye baiskeli kama thelathini, kisha watu wakaanza kuagiza baiskeli nzima. Nilizitengeneza kama ya Mwenyekiti, maana nilishajifunza, au nilidhani nimejifunza: msikilize mwenye kiti. Alisema paipu nene, nikaweka paipu nene. Alisema tairi za inchi 28 kwa sababu ndizo zinazopatikana, nikaweka. Alisema kiti kiwe ubao. Mto unalowa mvua, mto unaibiwa, mto unakushika suruali ukitaka kuhama. Ubao unateleza, unashuka chap. Alikuwa amekalia ubao miaka thelathini. Nani angebishana naye?

Mwaka 2021 familia moja iliniletea kijana wao wa umri wangu. Alikuwa mwendesha boda boda ya pikipiki. Aligongwa na lori, uti wa mgongo ukavunjika kiunoni, akaruhusiwa kutoka hospitali akiwa hawezi kusogeza miguu. Ndugu walifanya harambee ya kumnunulia baiskeli ili aingie kwenye biashara ya mpakani. Nilimpima vizuri. Nilimtengenezea kwa moyo wangu wote, friwili mbili, rangi nyekundu aliyoichagua, na kiti cha ubao wa mvule niliousugua mpaka ukang'aa.

Alianza kazi Jumatatu. Alikuwa hodari, alikaa juu ya baiskeli kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Wiki ya tatu mamake akaona doa la maji maji kwenye suruali yake alipokuwa akifua.

Kidonda kilikuwa chini ya mfupa wa kalio. Kwa nje kilikuwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Sista aliyekisafisha aliniambia, mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nikishika kofia yangu, kwamba kidonda cha namna hiyo huweza kuanzia ndani, kwenye mfupa, na unachokiona juu ya ngozi ni mdomo wa shimo. Damu inabanwa kati ya mfupa na ubao, haifiki, nyama inakufa. Mimi na wewe tukikaa vibaya tunasikia maumivu, tunajisogeza bila hata kujua tumejisogeza, hata usingizini. Yeye hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Ubao ulikuwa unamla na hakuna aliyemwambia, mwili wake wenyewe haukumwambia.

Nikamuuliza, na Mwenyekiti je? Miaka thelathini?

“Ana nini?”

“Polio.”

Akanieleza kwa subira ambayo sikuistahili. Polio hushambulia mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ile ya kuhisi inabaki salama. Mtu wa polio akikalia jiwe atalisikia kama wewe, atainuka kwa mikono yake na kulitupa. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kulikalia kutwa nzima.

Baadaye nilipofikiri niliona nilikuwa na dalili zote mbele yangu. Wazee wote wa chama cha Mwenyekiti ni wa polio, kizazi cha kabla chanjo haijaenea. Kizazi hicho kinaisha. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya polio vya asili, nami nilisikia habari hiyo redioni bandani, wazee wale wale wakiwa wamekaa pale, mmoja akasema “basi sisi ndio wa mwisho” wakacheka. Wanaokuja sasa kutaka baiskeli ni vijana wa ajali, na wengi wao wameangushwa na pikipiki. Miguu yao inafanana na ya wazee kwa kuwa haitembei. Kwingine kote ni miili tofauti kabisa.

Yule kijana alilala kifudifudi karibu miezi minne. Mzigo wa familia, kazi imekufa, baiskeli nyekundu imesimama ukumbini. Nilirudisha pesa yangu ya ufundi, ya vyuma sikuwa nayo tena. Nilimwendea mara nyingi. Siku moja aliniambia, akiwa bado ameelekeza uso kwenye mto, “Hukuniuliza. Na mimi sikujua kama ni kitu cha kusema.” Mamake hajanisalimia tangu siku ile ya suruali, na tunakutana kanisani kila Jumapili. Simlaumu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ile alinifundisha mto. Nilidhani mto ni sponji. Sponji laini tupu ni mbaya karibu sawa na ubao, maana mfupa unaizamia mpaka chini. Unaanza na sponji ngumu, unaichonga kishimo nyuma mahali mifupa miwili ya makalio inapokaa, mapaja yabebe sehemu kubwa ya uzito, kisha juu unaweka tabaka laini zaidi. Kitambaa cha kufunika kisivutwe kikakaza kama ngoma, la sivyo kishimo ulichokichonga hakina kazi. Halafu unapima kwa vidole. Mtu anakaa, unapenyeza ncha za vidole chini ya mfupa wake, kiganja kikitazama juu. Ukiweza kuvichezesha, ni salama. Ukiweza kuvichomoa tu lakini havichezi, ni onyo. Vikibanwa hata kuvichomoa ni shida, rudi kachonge tena. Hiyo ni kazi ya aibu kidogo mwanzoni, kuingiza mkono chini ya mtu mzima, na wanawake huwa nawaitia mke wangu, naye sasa ana vidole vyepesi kuliko vyangu.

Na mto peke yake hautoshi. Mwenyewe lazima ajinyanyue kwa mikono au ainamie upande, kila baada ya robo saa au nusu saa, siku zote, maisha yote. Kwenye baiskeli ya mikono hilo ni gumu kwa sababu mikono iko kazini. Nimeongeza vishikio viwili vifupi pembeni ya kiti kwa ajili hiyo tu. Yule kijana, alipopona, ndiye aliyenionyesha vikae wapi. Vyangu vilikuwa nyuma mno. Yeye aliweka kengele kwenye simu. Ikilia mpakani wenzake wote wanapiga kelele “inuka!”, hata maafisa.

Mvua bado inanishinda. Nailoni inazuia maji lakini inapika ngozi kwa joto, kitambaa kinapumua lakini kinalowa. Kwa sasa natengeneza vifuniko viwili kwa kila mto, kimoja cha jua na kimoja cha mvua, na watu wanakaa na kile kile kimoja mwaka mzima. Ningekuwa na jibu ningeliandika hapa.

Kuna Mmarekani aitwaye Ralf Hotchkiss ambaye naye aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, akatumia maisha yake kubuni viti vya magurudumu vinavyoweza kutengenezwa na mafundi wa nchi kama zetu kwa vyuma vinavyopatikana mtaani. Gurudumu pana la mbele la mpira, lisilozama mchangani, walilibuni na mafundi wa Zimbabwe na bado linaitwa gurudumu la Zimbabwe. Nilipomsoma nilifurahi, kisha nikaona wivu. Mtu huyo anajaribu kazi yake kwa makalio yake mwenyewe. Mimi lazima niulize. Na kuuliza ni ufundi ambao chuoni haukuwa na somo; unaweza kumsikiliza mtu mmoja kwa makini sana hadi ukamfanya kuwa watu wote.

Mwezi uliopita Mwenyekiti alikuja jioni, nimeshaanza kufunga. Alikuja peke yake. Yule mvulana wake ni mtu mzima sasa, ana pikipiki na mtoto. Mzee alizunguka zunguka, akasifia mbwa, akauliza bei ya chuma. Kisha akajishika bega la kulia, akalizungusha kidogo, nikasikia linavyolia. Madaktari wamemwambia limekwisha, na la kushoto linafuata.

“Ile mota yako ya buluu,” akasema. “Bado unayo?”

Nikamwambia iko nyuma ya nyumba, chini ya turubai.

“Siku hizi nasikia betri ni nyepesi.”

“Ni nyepesi, mzee. Lakini safari hii nitaifunga nyuma.”

Tukaiburuza hadi kwenye mwanga wa taa. Kuku walikuwa wametaga kwenye sanduku la betri. Nikachukua daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikamuuliza inatakiwa ibebe magunia mangapi. Alikaa kimya muda, akihesabu kitu ambacho sikukijua.

“Andika moja,” akasema. “Na mimi.”